Sauti Yako Ndani ya Injini

Baba,

Mwangaluka. Sijui kama huko uliko kuna asubuhi, lakini hapa Nkoma umande bado uko kwenye pamba na mama anakoka moto, kwa hiyo nakuamkia kama ulivyonizoeza.

Tangu uondoke mambo yamegeuka. Wanunuzi binafsi wanakuja na pikapu na mizani zao mpaka mlangoni. Mama anawazungusha kama wachumba, kisha anamuuzia yule aliyemsalimia vizuri. Jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba ulichokifanyia kazi ujana wako wote, imepata mmiliki mpya. Ameing'oa ile injini ya dizeli, ameweka mota za umeme. Nilipita nje ya ukuta nikasikia mlio mkavu tu, hakuna anayeimba. Niliharakisha mwendo.

Ninyi mliimba. Ninawaona hata sasa, vumbi la pamba linaelea mpaka mnaonekana kama watu wa ndotoni, nyusi nyeupe, mnalisha mashine huku mnaimba Kisukuma. Likizo ile nilikuja na redio-kaseti, nikawarekodi, sauti yako ikiongoza na injini ikinguruma chini yake. Sikujua kwamba ule mkanda ndio pekee utakaobaki na sauti yako.

Sasa mama aliomba kitu kimoja. Misa ya kukukumbuka ilikuwa inakaribia, na mkanda umeanza kuchakaa. Akaniambia, "Wewe unasomea mambo ya sauti huko Dar. Mtoe baba yako humo ndani ya mashine, nimsikie peke yake." Baba, niliogopa. Nikishindwa, nitakuwa nimekuzika mara ya pili mbele ya mama.

Nikauingiza mkanda kwenye kompyuta ya chuo. Kompyuta haisikii kama sikio. Inaionja sauti kidogo kidogo, maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ikionja inaandika namba. Unabaki na mlolongo mrefu wa namba, huoni wimbo wala mtu. Kisha kuna hesabu inayozichambua, kama jineri inavyotenganisha nyuzi na mbegu: mitetemo ya taratibu huku, ya haraka kule, na kila mmoja una nguvu kiasi gani. Jibu linakuja kama mchoro wenye vilele.

Injini niliitambua mara moja. Mvumo wake hauji peke yake, unakuja na watoto wake, mivumo myembamba zaidi, mmoja juu ya mwingine kwa hatua zinazolingana. Na kwa kuwa ilikuwa inapanda na kushuka, niliukata wimbo vipande vifupi, nikaifuata kipande kwa kipande, kila kilele chake nikakifuta. Nilijiona fundi kweli kweli. Nikarekodi mkanda mpya, nikampa dereva wa basi la Bariadi aulete.

Mama alinipigia kutoka posta. "Huyu si mume wangu. Huyu ni mtu anapuliza moto."

Nikasikiliza tena, nikaona aibu. Kweli umebaki pumzi tu, na kugonga kwa ulimi. Nikarudi kwenye mchoro wa mwanzo, nikautazama mpaka macho yakaingia ukungu, ndipo nikakumbuka. Hamkuwa mnachagua sauti ya kuanzia. Mlikaa kimya mpaka injini itulie, mkaichukua sauti yake, ndipo mkaimba. Pamba ikiwa na unyevu, injini ikizidiwa na kushuka, nanyi mnashuka nayo. Uliniambia mwenyewe, ukicheka: "Ukiimba tofauti nayo utachoka kabla ya saa nne." Vilele vyako vilikuwa juu ya vilele vyake, baba. Kila nilipoifuta, nilikufuta. Nililia pale maabara, wenzangu wakadhani programu imegoma.

Kuna njia za kukisia kipi chako na kipi chake. Mwalimu wangu alinionyesha. Lakini sikutaka baba wa kukisia.

Nilikuja na mkanda ule ule wa zamani, na makelele yake yote. Jana baada ya misa tuliuweka. Injini ikajaa ua zima, nawe humo ndani, mnene, umetulia, na mama amefumba macho, mwili unayumbayumba taratibu kama mtu aliyesinzia juani. Kisha wimbo unakatika, na wewe unasikika ukisogea karibu na redio na kusema, "Kabula, zima sasa, unamaliza betri."

Mama hakufumbua macho. Alikujibu: "Mwache mtoto."

Mkanda ukaendelea mpaka ukaisha wenyewe.

Naondoka kesho. Nimekuweka mzima kwenye kompyuta, ili mkanda ukifa usife nao. Nakuahidi sitakusafisha tena, wala sitamruhusu mtu mwingine akusafishe. Kwaheri, baba. Pumzika.

Mwanao,
Kabula