Lile Jiwe Lako la Tanga

Mke mwenzangu Damari,

Shikamoo sikupi, wewe ndiye mdogo, hata kama kaburini umenitangulia. Hilo nalo umeniwahi.

Mbuzi wako mweusi kazaa mapacha. Tulipomaliza matanga wazee waligawa vitu vyako, nami nikachukua jiwe. Usininunie. Mzee wetu aliporudi kutoka Tanga, kule alikovunja mawe ya chokaa, si alileta kanga na jiwe, akasema mke mkubwa achague kwanza? Nikachagua kanga. Nilikucheka mpaka mbavu zikauma: "Mwenzangu kaletewa konokono wa jiwe!" Ukanijibu, "Konokono wangu hali mboga ya mtu." Ukalikalisha juu ya mfuniko wa mtungi wako. Kanga yangu ilishakuwa tambara la kushikia sufuria. Jiwe lile halijaongeza hata ufa.

Sasa sikia. Juzi kaja mjukuu wako Elika, huyo anayesomea mawe chuoni. Wangu wanauza nyanya sokoni Majengo, ndiyo, sema tena. Akaliosha kwa mswaki, akalichungulia kwa kioo cha kukuzia, machozi yakamtoka. "Bibi, huyu si konokono. Konokono ndani ni njia moja tu. Huyu ana kuta, vyumba vyumba, ona hapa palipomeguka." Eti ni mnyama wa baharini, ukoo wa ngisi, alifukiwa na tope mpaka tope likawa jiwe, kabla mtu yeyote hajaumbwa. Mimi hata ngisi sijamwona!

Wivu ulinikaba, Damari. Miaka yote hiyo wewe una bahari juu ya mtungi, mimi nina kanga.

Akaomba aende nalo chuoni, wenzake wajifunze. Nikasema jiwe halitoki. Akapiga magoti, shingo upande, vilevile kama wewe. Ndivyo ulivyompata mzee. Nikampa. Akauliza aandike ni la nani. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka kutaja jina langu. Nikataja lako. Labda ni kwa sababu tangu uondoke hakuna anayenijibu vizuri nikimtukana.

Nakuahidi nitakwenda kuliona, hata kwa mkongojo. Nikikuta jina lako wameliandika kwa herufi kubwa mno, nitagomba mpaka wapunguze.

Haya, lala mdogo wangu. Mzee ukimkuta, kaa miguuni. Ubavuni ni pangu.