Namba ya Tusekile Iliyo Kwenye Simu Yako

Ikolo,
Kyela.
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mpendwa mume wangu Hezroni,

Miaka minne! Tangu matanga ya babu yako hujakanyaga Ikolo, wala sijui kilichoota majani ni njia au ni miguu yako. Migomba uliyoiacha ikikufika magotini ilishazaa, ikakatwa, na sasa wanazaa wajukuu wake. Mtoto wako Lazaro namwona kwenye simu tu, uso wa bluu kama samaki aliyelala siku mbili. Mume gani huyu anayemwacha mke wake mzee miaka minne bila hata kuja kuchungulia kama amepata mwingine?

Haya, nimeshasema. Ugonile? Hujambo wewe, na Veronika hajambo, na mtoto je? Kile kikohozi chake kimekwisha? Mpeni maji ya moto na msimfunike mpaka usoni. Sisi huku ni wazima. Goti langu la kulia linalalamika asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mpunga umeshaingia ndani, kakao tunaendelea kuchuma.

Blanketi lako nimelipata, ndaga fijo, asante sana. Ila blanketi zito vile, Kyela hii? Umesahau mpaka joto la kwenu. Kuku ameliona linafaa, anatagia humo.

Anayeniandikia ni Pili, binti wa Ahmada, yule mwenye steshenari pale Mbugani. Mimi kalamu siijui, lakini mdomo ninao, na nimemwapisha Pili aandike ninavyosema, asilainishe.

Sasa nisikilize. Nimeshtuka, mjukuu wangu. Leo ni siku ya nne, na chakula nakitafuna kama pumba.

Alhamisi nilikuwa uani nageuza kakao juani. Bodaboda ikasimama, akashuka huyu huyu Pili, mtandio unamwanguka, anapiga vigelegele peke yake. "Bibi, hongera! Jina la Tusekile limetoka! Tena vyuo viwili, Mbeya na Dodoma, shahada ya uuguzi!" Nikamwambia, binti, umekosea nyumba. Maana wiki nzima dada yako alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, "Bibi, sikuchaguliwa." Nilishalia naye, na nilishamchinjia jogoo wa kumfariji. Jogoo mzima, Hezroni!

Pili akaniapia. Yeye ndiye aliyemjazia maombi kwenye kompyuta yake mwezi wa saba, na ndiye aliyeona majina. Anasema wanaoomba uuguzi wa shahada ni maelfu, na nafasi zenyewe ni chache kama meno yangu. Wapo wenye alama nzuri kabisa wamebaki nje, wanalia pale dukani kwake. Tusekile wetu amepata mara mbili, na nyumba hii ilikuwa kimya kama kuna maiti ndani.

Kisha Pili akasema jambo lililoniketisha chini juu ya kakao yangu. Kwamba aliyechaguliwa vyuo viwili ni lazima akubali kimoja. Kwamba kuna namba ya siri inatumwa kwenye simu, na mtu asipoiingiza mpaka Ijumaa ijayo, tarehe kumi na mbili, nafasi wanampa mwingine. Nikamuuliza, imetumwa kwenye simu ya nani? Akanitazama, akatazama chini. "Ya kaka yake wa Mwanza, bibi."

Yako.

Nilikumbuka. Simu ya Tusekile ilikuwa imeingia maji shambani, wewe ukasema, "Andikeni yangu, mimi ndiye mkubwa." Nami nilijisifia kwa majirani kwamba nina mjukuu anayebeba mizigo ya wenzake. Kumbe mzigo umeubeba ukaukalia.

Tusekile alikuwa anarudi bombani. Alipomwona Pili tu, ndoo ilimshuka kichwani yenyewe. Sikumpa hata nafasi ya kusalimia.

"Ulichaguliwa, hukuchaguliwa?"

"Bibi..."

"Sitaki bibi. Ulichaguliwa?"

"Nilichaguliwa."

"Na jogoo wangu?"

Hapo Pili alicheka, na anacheka tena sasa hivi anapoandika. Lakini Tusekile hakucheka. Alikaa chini kwenye matope ya ile ndoo, akatoa simu yake, ilishatengenezwa, akashindwa kusoma. Pili ndiye aliyenisomea meseji yako. Nimeisikia mara moja tu, na bado naweza kuisema yote: "Namba imeingia kwangu. Lakini bibi amesema mwenyewe kwamba ukienda atakufa, hana wa kumchotea maji. Subiri mwaka mmoja. Usimwambie, ataumia."

Mimi! Nimeishi miaka sabini na kitu, nimezika mume na watoto, nimeona mto ukipanda mpaka ukatubebea mbuzi, na sijashtuka namna ile. Nilidhani nyumbani kumeingia adui. Kumbe adui ni maneno yangu mwenyewe.

Ni kweli nilisema. Sitakuficha, maana hata mimi sijipendelei. Ilikuwa Pasaka, ulinipigia, goti lilikuwa limeniamkia vibaya, nikasema, "Huyu naye akienda kusoma, basi njooni mnizike, nani atanichotea maji?" Nilisema hivyo. Halafu nilikata simu nikaenda kumchagulia Tusekile mchele mzuri wa kumpelekea mwalimu aliyemsaidia masomo ya kemia.

Hezroni, wewe umekaa mbali mpaka umesahau bibi yako anavyoongea! Siku ulipoondoka kwenda Mwanza nilikuambia nini pale njiani? Nilikuambia, "Nenda, ukirudi utakuta kaburi." Ulicheka. Ulinibusu kipaji cha uso, ukapanda gari, na mfuko wa mchele niliokufungia ulikuwa begani kwako. Wakati ule ulijua kwamba sisi wanawake wa huku tukimpenda mtu hatumwambii "safari njema" tukanyamaza. Tunamlilia, tunamlaumu, tunajizika wenyewe mara tatu, kisha tunamfungia chakula cha njiani. Asiyetujua anasikiliza maneno tu, lakini anayetujua anatazama mikono inafanya nini. Mikono yangu ilikuwa inamfungia Tusekile mzigo tangu mwaka jana.

Simu haina mikono. Ndiyo hasara ya kunisikia kwenye simu tu miaka minne.

Na hilo la "mwaka mmoja" ndilo lililonitoa usingizi. Tusekile aliniambia, "Bibi, mwaka mmoja si kitu." Nikamuuliza, mwaka ukiisha mimi nitakuwa nimerudi usichana? Goti litakuwa jipya? Basi niambie wewe uliyesoma. Kama ananisubiri mimi, na mimi kila mwaka nazeeka, siku atakayokuwa huru kuondoka ni siku gani? Mnaijua nyote wawili, mnaogopa kuitaja. Mnataka msichana akae na ndoto yake mlangoni akisubiri bibi afe. Siku moja, hata kama ananipenda, atanitazama nikikohoa na moyo wake utauliza swali baya. Sitaki kumfikisha hapo. Sitaki kuwa jiwe la njiani ambalo watu wanalihesabia siku.

Wewe hukumwona Tusekile na mguu wa Marta, jirani yetu huyu. Mwaka juzi mguu ulioza kidonda, unanuka mpaka watoto wake wanamletea chakula wakiwa wameziba pua. Dada yako alikuwa kidato cha tano, amerudi likizo. Kila asubuhi alikwenda kumwosha kwa maji aliyochemsha, akafunga kitambaa safi, akamsukuma mpaka akakubali kupelekwa zahanati, na akawa anamsindikiza. Alipokuwa akiosha alikuwa anamsimulia habari za mpira, nani amefunga, nani amekosa penalti, hata Marta akasahau kuona aibu. Leo Marta anatembea, na anabishana na wanaume juu ya magoli. Mtoto wa namna hiyo ndiye uliyetaka nimweke hapa awe mchota maji?

Maji yenyewe nimeshayamaliza. Ijumaa nilikwenda kwa Marta. Naye amebaki peke yake tangu binti yake aolewe Ngana. Nikamwambia, hamia kwangu, chukua chumba cha Tusekile, ulete na wale kuku wako wakorofi. Akasema, "Lakini unakoroma." Nikamwambia, na wewe unasema sana. Tumekubaliana. Mjukuu wake wa kike atatuletea maji jioni akitoka shule. Tutagombana vizuri sisi wawili, na kugombana kunaweka damu moto. Kwa hiyo sababu yako imekufa, Hezroni, nimeizika mimi mwenyewe bila kukuomba sanda.

Tangu Alhamisi tunakupigia. Simu inaita mpaka inachoka. Mara moja Veronika amepokea, akasema unaoga. Kesho yake tena, unaoga. Siku mbili unaoga? Ziwa lenu lote hilo halijaisha? Usimtume mke wako aseme uongo kwa ajili yako, ana sauti ya mtu mwema, uongo haumkai. Tangu jana simu imezimwa kabisa. Tusekile ameomba namba nyingine kwenye ile kompyuta, kila mara inajibu imeshatumwa, yaani kwako huko huko. Pili anasema kubadilisha simu ni mpaka uandike barua na kusubiri, na siku za kusubiri hatuna.

Ndiyo maana barua hii inakuja kwa mkono wa Ridhwani, jirani wa kina Pili, anayekuja Mwanza kwenye harusi ya mpwa wake. Ni mtu mwenye haya, lakini nimemwambia asikae, asinywe chai, asimame mlangoni kwako mpaka umesoma yote, umewasha simu, na umetuma ile namba kwa Pili. Namba ya simu ya Pili ameiandika nyuma ya karatasi hii. Ukimwacha asimame mpaka Ijumaa, atasimama, na harusi ataikosa kwa sababu yako.

Tusekile anataka Dodoma. Ulidhani nitasema achague Mbeya kwa kuwa ni karibu? Hata mimi nilidhani nitasema hivyo. Lakini nilimuuliza, akajibu Dodoma kabla sijamaliza kuuliza, halafu akajishika mdomo. Mtu anayejibu haraka namna ile, jibu lilikuwa limemkaa siku nyingi. Aende.

Sasa niseme lililobaki moyoni, kisha nikuache. Najua haukuwa ubaya. Babu yako hukumwahi. Ulisafiri siku mbili ukafika tumeshamfukia, na nilikuona ulivyokaa pale kwenye udongo mbichi, hutaki kuinuka. Tangu siku ile unaogopa njia ya kuja huku, unaogopa utafika umechelewa tena. Ukaona uweke mtu mlangoni kwangu anishikilie badala yako. Nimeelewa, mume wangu. Nimekuelewa mpaka nimelia. Lakini woga wako ni wako, uubebe wewe. Usimfunge dada yako kamba ukasema ni mimi niliyeisuka.

Na kama ungeniuliza ningekuambia hivi: nikifa Tusekile akiwa darasani, nitakufa ninajisifu. Nikifa akiwa bombani kwa ajili yangu, sitalala. Nitawatembelea wote wawili, na wewe nitakuanza.

Marta anakusalimu, anauliza timu yako imekuwaje. Ahmada anakusalimu pamoja na Mama Pili. Asifiwe wa kanisani anasema kwaya haijapata sauti kama yako. Tusekile hajui nimeandika yote haya, anajua ninakusalimia tu. Yeye hana kinyongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, angekuwa nacho ningetulia. Mbusu Lazaro, umwambie anaye bibi mwenye miguu miwili na fimbo moja. Mpe Veronika pole ya kukuvumilia.

Kyala, Mungu wetu, akulinde kazini na barabarani, akupe usingizi mzuri baada ya kutuma hiyo namba, wala asikupe hata kidogo kabla.

Ni mimi mke wako wa kwanza na bibi yako, niliyekukasirikia leo kwa sababu nakupenda kila siku,

Atupele

Halafu sikiliza safari yako itakavyokuwa. Krismasi utakuja, na mke na mtoto, sikuulizi. Lakini usije moja kwa moja kwangu. Dodoma iko njiani. Shuka hapo, ulizia wanapokaa wanafunzi wa uuguzi, mwite dada yako, na umwambie kwa mdomo wako ulichomfanyia, si kwa meseji. Mle pamoja, hata kama ni chipsi. Mkimaliza, mwulize kama amekusamehe, na usubiri jibu lote. Ukifika Ikolo nitakuwa nimekaa mlangoni, na kabla ya kukupokea mzigo nitampigia yeye kwanza.