Nakala Iliyobaki Kazini

Jumanne, Donholm

Ningenyamaza tu. Apiyo, pacha wangu, aliniuliza nasomea nini hasa kwenye hii chachu, na mimi nikajitia mwalimu.

Tulikuwa kwenye bucha ya Baba, soko la Burma. Yeye anakata matumbo, mimi nimekaa. Nikamweleza kwamba zamani chachu ilikuwa na jeni moja ya kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari. Jeni ikajirudufu. Nakala moja ikashikilia kazi ya zamani, kwa hivyo ya pili ikawa huru kubadilika, hata kukosea, mpaka ikaweza sukari nyingine.

"Na hiyo iliyobaki kazini ikichoka?"

"Chachu inakufa njaa," nikajibu haraka, kama niko mbele ya watahini.

Akaweka kisu chini. Tangu Baba aumie mguu, bucha ni yeye, chuo ni mimi. Hatukuwahi kuulizana. Yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, basi.

"Adongo, mimi nimechoka."

Ijumaa natetea tasnifu, na jioni hii nimekuta aproni yake ya bucha kitandani kwangu, imefuliwa, imekunjwa vizuri.