Kutembea Bangkok Bila Kuumwa

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini ujue leo nimechukia, na niliyemkasirikia ni wewe. Mungu akurehemu, akulaze pema, halafu unisikilize.

Nimekata tikiti ya kwenda Bangkok. Siku nne tu, mimi na Thuraya wa kazini, kwa vile msimu wa watalii umekwisha kule kambini jangwani Bidiya. Unajua kazi yangu, mwaka mzima nawapangia watu safari. Mzungu anatoka kwao, anakuja kulala kwenye mchanga wetu, anapakiwa kwenye gari na kurushwa juu chini vilimani mpaka anatapika, kisha anashukuru na kurudi kwao. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa anaumwa nini. Basi nikasema na mimi nikatembee. Nikapanga vizuri, asubuhi masokoni, mchana boti za mtoni, jioni kula vichochoroni, na Thuraya keshatafuta mikahawa yote ya halali. Nilipofika nyumbani Ibra nikamwambia mdogo wako Zuwena, yeye peke yake, jikoni, anakaanga sambusa.

Ningemwambia muadhini ingekuwa siri zaidi.

Ijumaa baada ya sala nyumba ilijaa. Bi Moza jirani kaja na asali ya mkunazi. Wengine wamebeba maji ya Zamzam. Zuwena mwenyewe kaleta kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani na kuoshwa ndani ya chupa, ninywe kabla ya kula. Wote wanaongea polepole na kunitazama usoni, kila mmoja anatafuta dalili yake. Bi Moza alinishika mkono akasema, "Umekonda, mwanangu." Mama! Nimenenepa mpaka abaya ya Idi hainiingii! Nikawaambia nakwenda kutembea tu. Wakatazamana, kisha Bi Moza akanijibu kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "Ndiyo, mama. Kutembea. Inshallah."

Nawe unajua kwa nini. Kwetu mtu kutembea anakwenda Dubai, au Salala wakati wa mvua. Bangkok watu huenda kwa ilaji, kutibiwa. Na mgonjwa mwenye heshima zake hasemi anaumwa, husema anakwenda kutembea, jicho la hasidi lisimpate na watu wasianze kumlilia angali hai. Wanaobaki nao hawamuulizi, wanaleta asali. Kwa hiyo kila nikikana, ndivyo ninavyozidi kuumwa. Nilipolikataa kombe, Zuwena alilia machozi. Nikalinywa, nifanyeje? Nimekunywa dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao, na Thuraya kwenye simu hana mbavu kwa kucheka.

Nikajiona mjanja, nikaenda hospitali kupimwa, ili niwaonyeshe watu kwamba sina kitu. Damu safi, moyo safi, daktari akanishangaa nimefuata nini. Lakini binti wa Bi Moza alikuwa pale na mtoto wake, akaniona nimekaa barazani nasubiri majibu. Kabla ya magharibi Ibra nzima ilishajua kwamba Rahma kaonekana hospitali. Zuwena akaja na kombe jingine.

Haya yote ningeyavumilia, ningepata na la kucheka. Tatizo ni Baba.

Baba hakuleta asali. Aliacha tu kwenda shamba. Zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wetu wa mashambani, ikapita, mitende haikunywa, na yeye kakaa kibarazani na kahawa iliyopoa. Nikikohoa kwa vumbi, ananyanyua kichwa. Nikipanda ngazi, anasikiliza miguu yangu. Sahani yake ikawa inarudi jikoni na chakula chake vilevile. Nikamwekea majibu ya hospitali mapajani, akayakunja bila ya kuyasoma, akanirudishia. Hapo uvumilivu ukanishinda, nikamwapia kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili kumsemesha mzazi, wallahi Baba, nakwenda kutembea tu!

Akanitazama. "Na mama yako aliniambia hivyo hivyo."

Umeona ulichonifanyia?

Hata mimi ulinidanganya, safari ile yako ya Bangkok. Ulininunulia raba nyeupe, ukasema tutatembea mpaka miguu ivimbe, na njia nzima kwenye ndege ulikuwa unanichekesha. Nilijua kwamba unaumwa siku ile teksi iliposimama mlangoni mwa hospitali nawe ukashuka kama mtu aliyefika kwao. Mji ule mkubwa wote, mimi nimeuona ukumbi wa wagonjwa, mkahawa wa chini na dirisha. Na kila alasiri ulimpigia Baba simu, sindano imo mkononi, ukamhadithia soko. Soko gani, Mama? Ulimwambia kuna mama mmoja anauza maembe na wali wa nazi, anagombana na kila mteja, nawe umegombana naye mpaka akakupunguzia. Baba alikuwa akicheka mpaka mimi namsikia kutoka upande wa pili wa kitanda. Siku ya kurudi akaja uwanja wa ndege Muscat na pikapu ya kuazima, ya kubebea mizigo yako ya manunuzi, kama ulivyomwagiza. Ukatoka unasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, mapajani una mfuko wa dawa.

Nilidhani siku ile ndiyo aliyojua. Sivyo. Jana kaniambia mwenyewe. Alijua tangu simu ya pili, kwa pumzi zako. Alicheka kwa sababu wewe ulitaka acheke, na pikapu aliiazima ili usijue kwamba anajua. Nyinyi wawili, jamani! Wewe unamficha yeye, yeye anakuficha wewe, na mimi niko katikati kwenye ukumbi wa wagonjwa, nalia chooni ili msinione. Mngesema tu. Angepanda ndege akaja akakushika mkono. Naumia nikifikiri kwamba hilo ndilo mlilojinyima.

Basi sasa anakuja. Hakuniomba ruhusa. Kaniwekea paspoti yake mezani, akasema, "Safari ile nilinyamaza nikabaki. Safari hii sibaki." Tangu hapo anakula tena, kwa hiyo sina ubavu wa kukataa. Lakini safari yangu imekwisha, Mama! Anataka kubeba mchele. Anataka dele lake la kahawa na tende za kwetu. Keshasema boti hapandi, na vichochoroni hali, na kaniuliza kama hoteli iko mbali na hospitali, kwa tahadhari tu. Thuraya anasema sawa, twende naye, yeye hajapata kusafiri na mzee. Ataona.

Na najua atanitazama siku zote nne. Nikichoka kidogo tu atanitafutia kiti. Hataamini mpaka tumerudi, tumekaa hapa nyumbani, na miezi imepita. Maneno yangu hayamtoshi, umeyatumia wewe yote.

Kwa hiyo nakuahidi jambo, nawe huna la kunijibu. Sitafanya kama ulivyofanya. Nitakuwa mgonjwa siku moja, kila mtu huwa, na kama Baba bado yuko hai siku hiyo, sitamhadithia soko. Nitakaa karibu yake pale kibarazani, nitamwambia kwa jina la ugonjwa wenyewe, na nitamwacha afanye atakavyo, alie, agombe, abebe mchele, aje.

Mungu akupe nuru kaburini, Mama yangu. Nakupenda, na bado nimechukia.

Mwanao,
Rahma, siumwi.