Watu Wazima wa Rejista ya Mzee Ogari

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Mvua tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni mwa kliniki. Daktari Thadeus, mkubwa wetu hapa hospitalini, amerudi kutoka Nairobi na kazi yangu mkobani. Kamati ya hospitali za misheni inaandika mwongozo wa kutibu watu wazima wenye virusi vya Ukimwi. Safari hii hawataki maoni, wanataka ushahidi. Sisi huku Nyamira tumewapa wagonjwa septrin ya kuzuia maradhi ya kifua kila siku tangu tisini na saba, basi wanauliza: imesaidia? Jedwali letu liondoke Ijumaa ya wiki ijayo. Likikubaliwa, dawa italetwa bure kwa kila aliyetajwa kwenye mwongozo. Asiyetajwa ajinunulie.

Na foleni yangu ya watu sitini nani ataiona? Nikasema sawa, daktari. Mdomo wangu huu!

(Naandika Kiswahili. Kiingereza nimekichoka kazini, na Ekegusii mama mkwe anasoma.)

Jumanne, 7 Septemba

Kadi 214 mezani. Huku waliomeza septrin mwaka mzima, kule waliokosa tulipoishiwa. Waliomeza wanaishi. Si wote — lakini unaona kwa macho kabla hata ya kuhesabu. Nilifurahi mpaka nikanywa chai. Mimi, Msabato niliyekatazwa chai, tena mke wa mzee wa kanisa! Majani ya chai tunachuma wenyewe, na utamu tuwaachie watu wa nje?

Jumatano, 8 Septemba

Kuna kitu kimenikwaza. Kadi imeandikwa "mtu mzima", uzito kilo 26. Nikasema amekonda, maskini. Nikapata mwingine, kilo 24. Mwingine, 29. Nikarudia kadi zote moja moja. Ishirini na tatu! Na wengi wao waliandikishwa Januari.

Nikamwita Mzee Ogari wa rejista. Huu ni mwaka wake wa thelathini kwenye lile dirisha. Nikamuuliza, huyu wa kilo 24 ana miaka mingapi? Akasema hajui, na mama ya kijana pia hajui, lakini alitahiriwa Desemba, kwa hivyo si mtoto tena. Alisema taratibu, kama ananifundisha mimi mila za kwetu. Tena angemwandika mtoto, kijana angekataa kuingia wadi ya watoto, arudi nyumbani bila matibabu. Hilo ni kweli. Nawajua.

Na wasichana? Akaangalia nje. Hao pia, daktari.

 Mimi nilipelekwa kwa ngariba nikiwa na miaka tisa, nikaambiwa sasa wewe ni mkubwa. Siku hiyo nilichotaka ni kubebwa na mama tu.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimemweleza Daktari Thadeus. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Tuwatoe, alisema. Mwongozo ni wa miaka kumi na tano kwenda juu, na 191 wanaobaki wanatosha. Nikauliza, na hao ishirini na tatu watapata dawa wapi? Akazisogeza kadi zao kando. Halafu akasema basi tuwaache walivyo, kule Nairobi nani atajua?

Hakuna atakayejua, ndiyo. Lakini daktari fulani mahali atasoma karatasi yetu na kumpa mtoto wa kilo 24 dozi ya mtu mzima. Wanne kati ya wetu walitokwa na upele mwili mzima kwa dozi hiyo. Na nani aliandika dozi? Mimi! Nilisoma "mtu mzima" kwenye kadi, nikaandika, sikuinua macho nimwangalie mtu aliye mbele yangu. Nimeona aibu leo. Kosa si la Ogari peke yake.

Nikasema tuwape safu yao. Vijana. Umri wao, uzito wao, dozi yao. Daktari anaona ni wachache mno. Ni wachache, nikamjibu, lakini hospitali gani nyingine itawaleta? Akacheka, ati kosa la Ogari limetuzalia utafiti. Nikatafute umri wao basi.

Jumamosi, 11 Septemba

Sabato. Nilisinzia kwenye mahubiri. Mume wangu aliniona kutoka mbele. Ameninunia mpaka jioni.

Jumapili, 12 Septemba

Ekerenyo, nyuma ya baiskeli. Milima yote nilishuka nikatembea, na nauli nikalipa kamili! Nilienda kwa Mong'ina, nyanya wa Nyakerario, mmoja wa wale ishirini na tatu. Mtoto yuko darasa la sita, mama yake tulimzika tisini na sita. Kadi: mtu mzima, kilo 27. Kabla ya septrin alilazwa mara tatu kwa kifua. Tangu aanze, miezi kumi na tisa, hajalazwa hata siku moja.

Mong'ina alikuwa anamenya ndizi. Akahesabu: alizaliwa mwaka wa pili baada ya ile njaa ya mahindi ya manjano. Njaa ni ya themanini na nne, basi mtoto ni wa themanini na sita. Miaka kumi na tatu, basi.

Nikiondoka akanishika mkono, akauachia baada ya kitambo. Ameniomba nisimwambie mtoto. Mtoto anajua ni dawa ya kifua. Bado ni mdogo. Nikamuuliza, si mlimfanya mtu mzima nyinyi wenyewe? Akasema huo ni ukubwa wa kuteka maji na kupokea wageni, si wa kubeba jambo kama hili. Mama yake nimemzika, Daktari Nyanchera, acha huyu acheke kidogo. Nikamwahidi. Ningesema nini?

Jumanne, 14 Septemba

Umri wa wote umepatikana. Nimeandika dozi kwa uzito. Kazi safi, najisifu mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine wa kunisifu.

Kisha nikaona jambo. Kati ya wale ishirini na tatu, sita wanajua ugonjwa wao. Hata mmoja hajaacha dawa. Kumi na saba hawajui. Saba kati yao waliacha kikohozi kilipokwisha — mtu atameza dawa ya kifua ya nini, na kifua kimepona? Watatu wa hao saba tumewazika.

Nimeandika ukurasa wa nne: kijana aambiwe ugonjwa wake, taratibu, na mtu wake akiwepo. Ushahidi ndio unasema. Daktari Thadeus amekubali. Halafu nikakumbuka ule mkono wa Mong'ina, na ahadi yangu.

Alhamisi, 16 Septemba

Mjini Kisii, dukani kwa Ishwar, wana kompyuta. Bintiye Alpa ndiye anachapa. Haulizi kitu, vidole vinakimbia tu. Alipofika "vijana 23, waliokufa 3" vikasimama. Akauliza walikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia. Akaendelea.

Ijumaa, 17 Septemba

Gari la Nairobi linaondoka saa nane. Bahasha iko hapa mezani, bado wazi.

Saa tano Nyakerario ameingia peke yake, na yunifomu. Ametoroka shule. Kwa kawaida kadi hupitishwa na Ogari mwenyewe, lakini leo kulikuwa na foleni, akampa mtoto ailete. Kutoka dirishani mpaka kwangu ni hatua thelathini. Alisoma njiani, ila ugonjwa huandikwa kwa namba.

Akasema, daktari, hapa wameandika mimi ni mtu mzima. Nikamwambia Mzee Ogari alikosea, tutarekebisha. Akasema hapana, asirekebishe. Mtu mzima anaweza kuambiwa dawa anayomeza ni ya nini. Kikohozi kiliisha kitambo. Wiki hii hajameza. Amekuja kuuliza kabla hajaacha kabisa.

Wiki hii hajameza! 

Nimemwambia akae. Nimemtuma Ogari mwenyewe akamtafute Mong'ina kituo cha kuuzia majani ya chai, Ijumaa hukosi kumpata huko. Mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, na mzee ana goti bovu. Daktari Thadeus amechungulia mara mbili, anataka bahasha. Ukurasa wa nne ni sentensi moja tu. Naweza kuikata kwa kalamu hii hii, Mong'ina akija nikae kimya kama nilivyoahidi.

Naandika ili mikono ipate kazi. Yeye ameketi kwenye kitanda cha kupimia, miguu haifiki chini. Soksi moja imeteremka. Anaangalia kalamu inavyokwenda.

Ameuliza kama ninaandika habari zake.

Nimesema ndiyo.

Ameuliza kama anaweza kusoma.