Tundu Ni Tundu

Mwenzangu, leo nina hasira!

Unajua gemu zangu zilivyokuwa zinajikokota tangu niweke mfumo wa Linux kwenye kompyuta? Na shemeji yako kutwa kunicheka: "Nilikwambia Linux si ya gemu, ukabisha."

Nikafuta draiva, ile programu ya kuendesha kadi ya picha inayozipa gemu kasi, nikaiweka upya. Wapi! Nikafuta Linux nzima. NZIMA! Hatua zote nilizofikia kwenye gemu zikaenda na maji.

Leo nachungulia nyuma ya kompyuta. Waya wa skrini haumo kwenye kadi, umechomekwa tundu jingine! Kadi imekaa bure muda wote huo!

Namuuliza shemeji yako. "Aa, niliuchomoa nikifuta vumbi. Si tundu ni tundu?"

Tundu ni tundu!!

Sasa anauliza tunacheza saa ngapi. Nimemkabidhi kitambaa chake cha vumbi, acheze nacho.