Kovu Nililolifuta

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Mjukuu wako sasa hivi ameigusa picha ya marehemu baba yake kwenye kompyuta, akaniuliza, "Mama, huyu anko ni nani?"

Kosa ni langu. Hapa studio ya picha ninakojifunza kazi, fundi alinipa zoezi la kufuta makovu usoni. Nikajifunzia kwenye picha hiyo, ya pekee tuliyobaki nayo, nikalifuta lile kovu la shavuni alilozoea kulibusu mtoto, kisha nikahifadhi juu ya ile ya zamani, nayo ikapotea. Fundi akanisifu, "Umeiva, dada!" Mimi nikalia.

Kulichora upya naweza, Mama, mkono umeshazoea. Ila sikumbuki lilivyopinda. Wewe uliliuguza lilipokuwa kidonda bichi, hebu niambie, lilielekea jichoni au… fundi ananiita, ngoja nimalizie haraka. Mama, lilielekea jichoni au…